Tishari Katika Historia ya Chai ya Kericho

Historia ya chai ya Kericho na Bomet kwa kawaida husimuliwa kutoka nchi kavu. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ikawagawia maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani ardhi ya Wakipsigis ili walime kitani. Kilimo hicho kikafilisika bei ilipoporomoka. Na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na miche ya chai. Mvua, udongo mwekundu, reli na mtaji wa Uingereza: ndizo nguzo nne za simulizi hilo, na zote ni za kweli. Ila zinamfikisha msomaji ukingoni mwa maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, na kumwacha hapo, kana kwamba meli hujitokeza yenyewe kupokea chai. Mimi naona kwamba sehemu ya safari iliyoamua mengi kuliko tunavyokiri ni yale maji machache kati ya ubavu wa meli na nchi kavu. Chombo cha kuyavuka kilikuwa tishari: boti la chuma lenye kitako bapa, lisilo na injini, linalokokotwa na tagi. Gharama ya kuvuka maji yale, na swali la nani anailipa, havijawahi kuondoka katika mfuko wa mkulima wa chai.

Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa Kilindini katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, meli kubwa ilitia nanga katikati ya mlango wa bahari na kungoja kufuatwa. Mzigo ulitoka kwenye behewa la reli, ukaingia ghalani, ukatolewa ghalani hadi ukingoni, ukapangwa ndani ya tishari, ukakokotwa hadi melini, kisha ukainuliwa kwa winchi na kuteremshwa tumboni mwa meli. Kila hatua ilikuwa na makuli wake, karani wake na malipo yake. Chai nayo ni mzigo wenye maringo. Hunyonya unyevu na harufu upesi kuliko karibu zao lolote linalosafirishwa kavu; ndiyo sababu ilifungwa katika masanduku ya mbao nyembamba yaliyotandikwa karatasi ya metali ndani na kuzungushiwa mkanda wa bati kwenye kingo, kila sanduku likiwa na kilo hamsini hivi. Sanduku likigongwa kona wakati wa kuteremshwa, karatasi ile hupasuka, na unyevu wa bahari ukishaingia, mwonjaji wa London huugundua kabla hajameza funda la kwanza. Tishari lililobeba ngozi jana lilipaswa kusafishwa vizuri kabla ya kutandikwa chai leo. Mvua za masika zikianza pwani, mzigo hufunikwa turubai na kazi husimama. Ubora uliotengenezwa kwa uangalifu kiwandani Kericho ungeweza kupotea katika safari ya majini isiyozidi muda wa kunywa chai yenyewe.

Upande wa pili wa biashara hii, ule wa mbolea, hauzungumzwi sana, nao una uzito zaidi. Mchai unaochunwa mwaka mzima hupoteza naitrojeni nyingi, na mvua za nyanda za juu huiosha ile inayobaki. Kituo cha utafiti wa chai kilichoanzishwa Kericho mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilifanya majaribio mengi ya mbolea, na leo mkulima mdogo anaijua vizuri NPK 26:5:5. Mfuko mmoja wa kilo 50 una kilo 13 za naitrojeni, kemikali iliyotengenezwa katika viwanda vya ng'ambo. Mbolea hiyo husafiri kwa wingi, ikiwa imemwagwa tu ndani ya meli kama mchanga. Ikifika Mombasa, makucha ya chuma ya kreni huichota na kuimwaga katika mitambo ya kufungia mifuko, ndipo malori yaibebe zaidi ya kilomita 700 hadi viwanda vya Litein, Kapkatet, Kapkoros au Mogogosiek. Chai inayoshuka na mbolea inayopanda hukutana mlango mmoja. Kwa hiyo mkulima huulipia mlango huo mara mbili: kwanza kama muuzaji, kisha kama mnunuzi wa kemikali.

Mtu anaweza kupinga kwamba habari ya matishari iliisha zamani. Kufikia 1931 Kilindini ilikuwa na gati tano za kina kirefu, wakati mashamba mengi ya Kericho bado yalikuwa machanga, kwa hiyo tishari lilihudumia chai kwa miaka michache tu. Pingamizi hili lina nguvu, na kwa upande wa tarehe liko sahihi. Lakini linachukulia kwamba gati ikijengwa pengo huzibika. Gati hujaa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha na biashara kupanuka, meli zilipanga foleni Mombasa, na zile zilizokosa nafasi ziliendelea kuhudumiwa kwa matishari zikiwa zimetia nanga. Bandari ya Tanga, nchini Tanzania, ni ushahidi ulio wazi zaidi: hadi ilipochimbwa kina miaka michache iliyopita, meli kubwa zilitia nanga zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka gatini, na mizigo ililetwa na matishari katika karne hii ya ishirini na moja. Gharama ya kushughulikia mzigo ule ule mara mbili ilijulikana kwa kila mwagizaji. Meli inayongoja Mombasa leo hulipiwa kwa kila siku ya kungoja, na fedha hizo huingia katika bei ya mbolea. Umbo la gharama limebadilika, mlipaji ni yule yule.

Ushahidi mwingine ni mnada. Mauzo ya chai ya Kenya kwa mnada yalianza Nairobi mwaka 1956. Mwaka 1969 mnada ukahamishiwa Mombasa, na uko huko hadi leo. Kama kilichotawala bei kingekuwa shamba na kiwanda pekee, mahali pa kuuzia pasingekuwa na maana, na Kericho yenyewe ingefaa kama mji mwingine wowote. Wanunuzi walitaka kununua chai iliyokwisha kufika karibu na meli, ikiwa ghalani, imehesabiwa, hatari yote ya barabara na reli ikiwa imebebwa na mwenye kuuza. Bei inayotangazwa Mombasa ni bei ya chai iliyofika. Bei ya jani linalopimwa kwenye kituo cha kununulia majani Bomet hupatikana kwa kuondoa kila kilichotumika njiani, na ni hesabu hiyo inayomfanya mkulima asubiri bonasi kwa wasiwasi kila mwaka.

Na kuna watu. Makuli wa Mombasa waliajiriwa kwa siku: leo kuna meli, kuna kazi, kesho hakuna meli, hakuna chakula. Waligoma mwaka 1939. Januari 1947 wakashiriki mgomo mkuu uliosimamisha mji mzima, bandari na reli pamoja, na kutokana nao kikazaliwa chama cha African Workers' Federation kilichoongozwa na Chege Kibachia. Waligoma tena mwaka 1955, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaingia kati kutafuta suluhu. Migomo hii huandikwa katika historia ya vyama vya wafanyakazi, na wachuna chai wa Kericho huandikwa katika kitabu kingine. Nadhani utengano huo unatupotosha. Mchuna majani mlimani na kuli ndani ya tishari walishika sanduku lile lile, kila mmoja kwenye ncha yake, kwa ujira ulioshikiliwa chini kwa hoja ile ile: kwamba soko la London halingestahimili zaidi. Mgomo wa 1947 ulionyesha kwamba mnyororo wote hukatika panapo maji, kwa sababu pale mzigo hauna njia ya pili.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ardhi. Wakipsigis walinyang'anywa ardhi; ukoo wao wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi chini ya sheria ya mwaka 1934; madai yao bado hayajatimizwa. Mbele ya dhuluma hiyo, kuzungumzia boti la kubebea mizigo kunaweza kuonekana kama kukwepa. Nalikubali pingamizi hili kwa moyo wote kuhusu uzito: hakuna jambo la bandarini linalolingana na kufukuzwa kwenye makaburi ya babu zako. Lakini vitu hivi viwili vilikwenda pamoja. Ardhi ya Kericho ilipata thamani machoni mwa kampuni za chai pale tu zao lake lilipoweza kufika melini kwa gharama inayohesabika. Reli na bandari viliipa ardhi ile bei, na bei ikawa sababu moja zaidi ya kutoirudisha. Anayedai haki ya ardhi ana haja ya kujua faida yake ilipitia wapi.

Pia kazi ya tishari haijawa kumbukumbu. Kisumu, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mji wa Kericho, mafuta yanayoletwa na bomba kutoka Mombasa sasa yanapakiwa katika gati ya mafuta ya kampuni ya Kenya Pipeline iliyokamilika 2018, na chombo kiitwacho Kabaka Mutebi hubeba lita milioni kadhaa kwa safari moja kuvuka Ziwa Victoria hadi Uganda. Gati hiyo ilikaa miaka bila kazi kwa sababu upande wa pili wa ziwa haukuwa tayari. Mamia ya kilomita za bomba na mabilioni ya shilingi vilingoja chombo cha majini na mahali pa kukifungia kamba.

Kwa wakulima wa Kericho na Bomet kuna jambo moja la kudai, tena lililo ndani ya uwezo wa wakurugenzi wao wa viwanda. Mfuko wa mbolea unapokatwa katika malipo ya majani, mkulima aonyeshwe ndani ya bei hiyo ni kiasi gani kililipiwa kemikali yenyewe, kiasi gani nauli ya meli, kiasi gani siku za meli kungoja, na kiasi gani kazi ya bandarini, kila kimoja kwenye mstari wake.