Vikuge: Msaada Uliogeuka Sumu

Silent Spring cha Rachel Carson kilitoka 1962. Nakisoma hapa Mamboya, Kilosa, huku nikiiwaza Vikuge, kule Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali pale lilipokea msaada kutoka Ugiriki: tani 170 hivi za viuatilifu, DDT ikiwemo, vingine vimeshapitwa na muda. Ghala likachakaa, sumu ikaingia udongoni.

DDT haina haraka, jamani. Hukaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Ndani ya neva ya mdudu huacha wazi milango ya sodiamu, neva isitulie tena. Kule Marekani, tai waliokula samaki wenye DDT walitaga mayai yenye maganda membamba.

Rahisi huvunja upishi. Vikuge ilivunja udongo. Sisi wakulima tusome tarehe kwanza, tushukuru baadaye.