Bei Zikishuka Zote, Nani Anaumia?

Kila unga ukipanda, kuna msee hunitumia meseji: si bei za vitu zote zishuke tu, sote tupumue? Sawa. Zilishawahi kushuka zote, na hata hapa kwetu zilishuka. Twende 1929.

Tarehe 3 Septemba 1929, soko la hisa la New York lilifika kilele, kipimo cha Dow kikisoma 381. Mwezi uliofuata profesa wa uchumi wa Yale, Irving Fisher, jina kubwa kabisa, akatangaza kwamba hisa zimepanda na zitakaa huko huko juu. Siku chache baadaye soko likaporomoka. Kufika Julai 1932, Dow ilikuwa 41. Yaani uliyekuwa na mia, umebaki na kama kumi na moja. Fisher mwenyewe alipoteza mali yake.

Washauri wa pesa hutuambia tugawanye: hisa kidogo, shamba kidogo, mazao kidogo, ili kimoja kikianguka kingine kisimame. Poa, lakini msukosuko ukija, vitu ambavyo havikuwa na uhusiano vinaanza kushuka pamoja. Na si uchawi. Watu walikuwa wamenunua hisa kwa mkopo. Mkopeshaji akidai, unauza hisa. Zisipotosha, unauza nyumba, unauza ngano iliyo ghalani. Kila mtu anauza, mnunuzi hakuna. Kati ya 1930 na 1933, benki karibu 9,000 za Marekani zilianguka, na bei za bidhaa zikashuka karibu robo.

Mwaka 1933, huku akiwa na madeni yake, Fisher akaandika kilichotokea. (Niliacha chuo kabla tufike hapa, hii nimejisomea mwenyewe.) Wazo lake ni rahisi: bei zinashuka, deni halishuki. Ulikopa dola 100, bado ni 100, ila sasa unahitaji magunia mengi zaidi kuzipata. Unauza ili ulipe, na huko kuuza kwako kunashusha bei tena. Fikiria mkopo wako wa simu, halafu mshahara ukatwe nusu. Unga wa bei rahisi utakusaidia nini?

Sasa njoo Kenya ya mkoloni. Mahindi, kahawa, katani, zote zililala chini pamoja. Walowezi walilia, na mwaka 1931 serikali ikawaanzishia benki yao ya mikopo, Land Bank. Mwafrika hakuwa na hisa New York wala mkopo wa benki. Lakini deni alikuwa nalo: kodi ya kibanda, kwa pesa taslimu, shilingi 12 kwa wengi, na inahesabiwa kwa kila nyumba. Mwenye wake watatu, kodi tatu. Mahindi yalishuka, ile kodi ikabaki palepale. Bei ya gunia ikikatika nusu, unahitaji magunia mara mbili kwa shilingi zile zile. Ukikosa, unauza mbuzi, ama unaenda kuomba kazi kwa mlowezi, ambaye naye ameshapunguza mishahara.

Kitu kimoja kilikataa kushuka: dhahabu. Septemba 1931 Uingereza iliacha kufunga pauni yake kwa dhahabu, pauni ikadhoofika, na shilingi yetu ilikuwa imefungwa kwa pauni. Hivyo dhahabu ikapanda kwa shilingi huku mahindi hayana bei. Mwaka huo huo ikapatikana Kakamega, na walowezi waliofilisika wakakimbilia huko na mahema yao.

Hapa ndipo mimi hukasirika. Mwaka 1930 serikali ilikuwa imepitisha sheria kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika haichukuliwi bila kulipwa kwa ardhi nyingine. Ahadi kubwa hiyo. Mwaka 1932 wakaigeuza, wachimbaji waingie kwa fidia ya pesa tu. Waliokuwa wanaishi juu ya hiyo dhahabu hawakuulizwa, na kodi ya kibanda waliendelea kulipa.