Mgando

Mgando ni hali ya kitu cha majimaji kuwa kizito na kushikamana. Mwanza na katika mwambao wa Ziwa Victoria, neno hili kwanza ni maziwa: yaliyochacha, yakashikana, yakanywewa kwa kikombe au kuliwa na ugali. Limetokana na kitenzi cha Kibantu -ganda, kwa kiambishi m- na kiishio -o, kama mchezo kutoka -cheza. Damu nayo huganda, na mafuta ya kupikia asubuhi ya baridi.

Utajiri wa neno umo katika mnyambuliko wake. Mtengeneza jibini hugandisha maziwa, hukata bonge lililopatikana, huchuja maji yake, hutia chumvi, kisha huligandamiza chini ya uzito. Kugandisha na kugandamiza (kutoka -gandama) ni watoto wa shina moja, nalo limebeba hatua mbili kuu za kazi hiyo. Jina jibini ni la Kiarabu, jubn; chizi ni la Kiingereza. Kazi yenyewe Kiswahili kinaieleza kwa maneno yake, na wanaofundisha usindikaji wa maziwa wangefanya vyema kuyatumia.

Usukumani maziwa huitwa mabele. Kwa desturi huachwa yachache kwenye kibuyu, kisha hutikiswa mpaka siagi ijitenge. Siagi ikichemshwa hupatikana samli. Mgando hauhitaji dawa: bakteria hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na pH ikishuka hadi 4.6 hivi, protini iitwayo kaseini hushikana. Jibini ngumu kwa kawaida hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho tangu kale hutolewa kwenye tumbo la ndama. Kilo moja ya jibini hiyo hula takriban lita 10 za maziwa, kwa kuwa maji mengi huchujwa. Mgando hubaki na maji yake, na lita iliyokamuliwa huuzwa karibu lita nzima. Kwa mfugaji wa Magu au Misungwi hilo si jambo dogo.

Mtindi, kwa maana yake ya zamani, ni maziwa yanayobaki siagi ikishatolewa. Siku hizi wauzaji wengi hulitumia neno hilo kwa maziwa ya mgando pia. Tofauti inafaa kulindwa, maana mtindi wa maana ya zamani umepungukiwa mafuta, na mgando wa maziwa yasiyoenguliwa unayo yote.