Bibi Titi Mohamed

Titi Mohamed, anayejulikana zaidi kama Bibi Titi (Dar es Salaam, Juni 1926 – Johannesburg, Afrika Kusini, 5 Novemba 2000), alikuwa mwanasiasa wa Tanganyika na baadaye Tanzania. Alikuwa kiongozi wa kwanza wa wanawake wa TANU, mwenyekiti wa kwanza wa UWT, mbunge wa Rufiji na waziri mdogo katika serikali ya Julius Nyerere. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini, akaachiwa huru mwaka 1972.

Maisha ya awali

Titi alizaliwa katika familia ya Kiislamu jijini Dar es Salaam. Baba yake hakutaka apelekwe shule ya serikali, kwa hofu iliyokuwa ya kawaida wakati ule kwamba mtoto wa kike angeharibika dini na tabia. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka shuleni, na Titi akasoma hadi darasa la nne. Aliolewa akiwa bado msichana mdogo.

Elimu yake ya darasani iliishia hapo, lakini mjini alipata shule nyingine. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Vikundi vya namna hiyo vilikuwa vingi Dar es Salaam na katika miji ya pwani. Vilikuwa na viongozi wao, sare zao, michango ya fedha na taratibu za kusaidiana katika harusi na misiba. Mwanamke aliyeongoza kikundi kama hicho alijua kusimama mbele ya watu, kukusanya fedha na kutuliza ugomvi. Anayesoma historia ya uhuru asivipite vikundi hivi kwa haraka, maana bila kuvielewa hataelewa kilichotokea mwaka 1955.

Kuingia katika TANU

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na waanzilishi wake 17 wote walikuwa wanaume. Machi mwaka uliofuata Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa mjini New York, na aliporudi aliacha kazi ya ualimu katika shule ya Pugu, kwenye njia ya kwenda Kisarawe, ili akitumikie chama. Mwaka huohuo John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Tanganyika, akawauliza viongozi wa TANU kuhusu sehemu ya wanawake katika chama chao. Haikuwepo. Titi na mumewe Boi Selemani walikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo mjini, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuijenga sehemu hiyo.

Hakuanza kwa kuandika barua wala kufungua ofisi. Pamoja na wenzake kama Tatu binti Mzee alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, na kiongozi akikubali, kikundi kizima kilichukua kadi. Inakadiriwa kwamba katika miezi michache tu waliandikishwa wanawake wapatao 5,000. Kwa chama ambacho hakijatimiza miaka miwili hiyo ilikuwa nguvu kubwa.

Kulikuwa na sababu nyingine ya wanawake kuwa na uzito huo. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa, kwa hiyo makarani na walimu wengi waliounga mkono TANU walilazimika kukaa kimya. Mama muuza maandazi hakuwa na ajira ya serikali ya kupoteza. Aliweza kuvaa rangi za chama, kuchangisha fedha, kuficha kadi za wengine nyumbani na kujaza uwanja siku ya mkutano.

Bibi Titi alifuatana na Nyerere katika ziara nyingi za mikoani. Alihutubia kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka, na alianza kuitwa kwa heshima hiyo ya “Bibi” angali mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi.

Bunge na serikali

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 iliundwa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Wanafunzi huchanganya mambo mawili hapa: sehemu ya wanawake ya TANU ya mwaka 1955 ilikuwa chombo cha kupigania uhuru, na UWT ilikuja baada ya uhuru.

Bungeni aliwakilisha Rufiji, ambayo leo iko katika Mkoa wa Pwani wenye makao makuu Kibaha. Alikuwa pia waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii.

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Kwa kawaida wagombea wawili, wote wa TANU, walishindana katika jimbo moja, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wengi nje ya nchi walidhani uchaguzi wa namna hiyo hauwezi kumwangusha mkubwa. Uliwaangusha. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa, na Bibi Titi naye akapoteza kiti cha Rufiji. Jina kubwa la kitaifa halikumwokoa mbele ya wapiga kura wa jimboni. Kwa kulinganisha nyakati, Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, alichaguliwa mwaka 1968. Bibi Titi alikuwa ameshaingia bungeni na kutoka.

Azimio la Arusha

Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha pamoja na masharti ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha na hakukubaliana na sharti hilo. Alijiuzulu kutoka Kamati Kuu ya TANU.

Uamuzi huo umehukumiwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema alichagua mali badala ya ujamaa. Wengine hukumbusha kwamba mwanamke wa darasa la nne, asiye na pensheni wala cheti cha kumrudisha kazini, hakuwa na akiba nyingine ya uzeeni isipokuwa nyumba. Mwandishi wa makala haya huona hoja ya pili ina uzito zaidi kuliko inavyopewa vitabuni.

Kesi ya uhaini

Oktoba 1969 alikamatwa, na mwaka 1970 alifikishwa mahakamani pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri, Gray Likungu Mattaka, John na Eliya Chipaka na wengine, kwa tuhuma za kula njama za kuipindua serikali. Yeye ndiye mwanamke pekee kati ya washtakiwa. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni London, alitajwa kuwa kiini cha njama hiyo. Kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibi. Upande wa mashtaka ulimtegemea sana shahidi Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, aliyesema kwamba alijifanya kukubaliana na wala njama huku akiwapasha habari wakuu wa usalama.

Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Rais Nyerere alimsamehe akatoka gerezani. Marafiki wengi wa kisiasa walikuwa wamemkimbia, na kwa karibu miaka ishirini jina lake halikutajwa sana hadharani.

Kukumbukwa upya

Mwaka 1984 mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alimhoji kwa kirefu. Kitabu alichokitoa mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU kinaonyesha kwamba wanawake hao hawakupokea utaifa ulioletwa na wasomi wachache. Walikuwa nao tayari katika ngoma zao, zilizowakutanisha watu wa makabila mbalimbali kwa lugha moja.

Mwaka 1991, katika maadhimisho ya miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja kuwa shujaa wa mapambano ya uhuru. Alifariki hospitalini Johannesburg alikokuwa akitibiwa. Barabara ya Bibi Titi Mohamed katikati ya Dar es Salaam, inayopita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, imepewa jina lake. Zamani iliitwa Barabara ya UWT.