Udongo wa Kushindilia

Kamati ya shule au ya zahanati ikitangaza hapa Iguhu kwamba jengo jipya litakuwa la udongo, wasikilizaji watapata picha moja tu: fito zilizofungwa kwa kamba, tope lililokandikwa kwa mikono, na nyufa zinazojitokeza kabla mwaka haujaisha. Picha hiyo si ya uongo. Ndiyo nyumba ya kukandika, na imewasitiri watu wa kaunti hii ya Kakamega vizazi na vizazi. Lakini mbinu ambayo wasanifu majengo wameirudia miaka hii ni nyingine, na kuiita ukuta wa udongo, au vibaya zaidi ukuta wa matope, ni kuibebesha makosa ya jirani yake. Napendekeza iitwe udongo wa kushindilia, kwa sababu jina hilo linataja kazi yenyewe jinsi inavyofanyika.

Tope ni udongo ulioshiba maji, na maji hayo yakikauka ukuta hunywea na kupasuka. Katika mbinu hii maji ni haba. Huchimbwa udongo wa chini usio na mboji wala mizizi, ukachanganywa na mchanga na changarawe, kisha ukanyunyiziwa kiasi cha kuwa na unyevu tu. Fundi hufinya donge mkononi na kuliachia lianguke kutoka usawa wa kifua: likigeuka vumbi, maji yamepungua, likibaki zima, yamezidi, likivunjika vipande vichache, kazi ianze. Udongo humwagwa kati ya mbao imara zilizosimamishwa sambamba, tabaka la sentimita 15 hivi, ukapigwa kwa mchi mzito mpaka tabaka hilo lishuke na mlio wa pigo uwe mkavu. Mbao zikiondolewa, ukuta wenye unene wa sentimita 30 hadi 45 unabaki umesimama, bila fito na bila tanuri. Kitenzi cha kazi hiyo tunacho tangu zamani. Baruti ilishindiliwa ndani ya gobori na mahindi hushindiliwa guniani. Kote kuna nguvu inayorudiwa na nafasi iliyozingirwa. Kugandamiza kunaifaa zaidi mashine ya mkono ya kutengenezea tofali, inayobana mara moja. Wapo watakaopenda “udongo ulioshindiliwa”. Kisarufi hawana kosa, ila hata barabara ya murram imeshindiliwa na rola, na hakuna anayetaka kuiezeka. Muundo wa “wa ku-” hutaja namna ya utengenezaji, na mafundi wanaosema matofali ya kuchoma hawatahitaji kufundishwa.

Pingamizi kubwa zaidi ni mvua. Iguhu, iliyo kando ya mto Yala, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kuusifu udongo mbele ya kiasi hicho kunaweza kuonekana kama mzaha. Hata hivyo, mkoa wa Fujian nchini China nao una mvua nyingi, na huko yako majumba ya tulou ya udongo wa kushindilia, mengine ya ghorofa tano, yaliyojengwa kati ya karne ya 15 na ya 20. 46 kati yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Karibu na sisi zaidi, Entebbe nchini Uganda, ufukweni mwa Ziwa Victoria, shirika la EMERGENCY la Italia lilifungua mwaka 2021 hospitali ya upasuaji wa watoto yenye vitanda 72, iliyosanifiwa na Renzo Piano pamoja na TAMassociati. Kuta zake ni za udongo uliochimbwa kwenye kiwanja chenyewe, chini ya paa pana lililobeba paneli za jua. Siri, kama ipo, ni paa linalotokeza mbali na msingi wa mawe uliopanda juu ya marusho ya matone. Kwa Iguhu ningeongeza sharti moja: nafasi kati ya ukuta na paa izibwe kwa wavu, maana eneo hili limechunguzwa miaka mingi na watafiti wa malaria ya nyanda za juu, na mbu hupenda mlango huo.

Udongo wenyewe nao ni pingamizi. Ule mwekundu wa huku una mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi ukizidi sana theluthi moja ukuta hupasuka hata ukishindiliwa vipi. Kwa hiyo murram na mchanga lazima viongezwe, na kijiukuta cha majaribio kijengwe kwanza. Mikono mingi pia inahitajika, ingawa kwa jengo la umma gharama hiyo inaweza kugeuzwa kuwa mchango wa harambee, mradi kazi ipangwe Desemba hadi Februari, mvua ikiwa imepungua. Matofali ya kuchoma hayana usumbufu huu, ni kweli, lakini hula kuni katika kaunti ambayo msitu wake tayari umeliwa vya kutosha.

Linalobaki ni saruji, na hapa wapenzi wa mbinu hii wanastahili kubanwa. Wengi huchanganya asilimia 5 hadi 10 ili kuuimarisha udongo, kisha wanaendelea kuusifu kama rafiki wa mazingira. Tupige hesabu. Mita moja ya mraba ya ukuta wenye unene wa sentimita 40 ina uzito wa kilo 800 hivi; asilimia 8 yake ni kilo 64, yaani zaidi ya mfuko mzima wa saruji wa kilo 50. Ukuta wa aina hiyo unaweza kumeza saruji nyingi kuliko ule wa mawe uliokusudiwa kuushinda. Ndiyo maana ningetaka istilahi iwe kali: udongo wa kushindilia ni ule usio na saruji, na uliotiwa saruji uandikwe hivyo kwenye mkataba, udongo wa kushindilia wenye saruji, pamoja na asilimia yake, ili kamati ijue inalipia nini kabla lori halijashusha mifuko.