Senti Yenye Tundu

Jumatatu ya kwanza ya Agosti, wafanyakazi wa benki hapa New South Wales hupumzika. Sisi wauguzi tuko wodini kama kawaida, na watoto wako shuleni. Asili ya siku hii ni Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1871 iliyapa mabenki mapumziko tarehe hiyo hiyo. Waingereza baadaye waliihamishia mwisho wa mwezi. Huku imebaki pale pale.

Agosti iliyopita, tulipokuwa tunaingiza kwenye simu dola 100 za dawa za bibi, watoto waliona zimekuwa zaidi ya shilingi 150,000. Wakazicheka zile sifuri. Mmoja akauliza, "Mbona hela yenu haina thamani?" Swali lilituuma, na tukagundua hatukuwa na jibu la kueleweka. Sikukuu hii ya Uhuru tunajaribu kulijibu.

Tuanzie hapa hapa tunapoishi. Gavana Lachlan Macquarie, aliyeanzisha mji huu wa Liverpool mwaka 1810, alikuta koloni halina sarafu za kutosha. Zilizokuwepo ziliondoka na meli za wafanyabiashara. Mwaka 1813 alichukua dola 40,000 za fedha za Kihispania, akaagiza zitobolewe katikati ili zisifae kwingine. Pete ikawa shilingi 5, na kipande cha kati kikawa peni 15.

Bibi zetu nao walitumia sarafu zenye tundu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, iliondoa rupia, ikaleta florini, kisha shilingi mwaka 1921. Zanzibar ilibaki na rupia yake hadi 1936. Senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu, na watu walizitunga kwenye uzi. Kila shilingi iliegemea pauni ya Mwingereza.

Kwa hiyo tarehe 9 Desemba 1961, bendera yetu ilipopandishwa, noti mifukoni bado zilikuwa na picha ya Malkia Elizabeth. Tulikuwa na wimbo wa taifa kabla ya kuwa na fedha za taifa. Mwalimu Nyerere alifungua Benki Kuu ya Tanzania tarehe 14 Juni 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Uganda na Kenya zilifuata mwaka huo huo. Na Australia? Iliacha pauni na kuanza dola tarehe 14 Februari 1966. Watoto, shilingi yenu na dola yenu zimepishana miezi 4 tu.

Mwaka ule dola moja ya Australia ilikuwa sawa na shilingi 8. Hizo sifuri zilikuja baadaye: mafuta yalipanda bei miaka ya 70, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata, na mwaka 1986 shilingi ikashushwa sana. Makosa mengine yalikuwa yetu wenyewe, maana mashirika mengi ya umma yalijiendesha kwa hasara. Wazazi wetu walipanga foleni za sukari na sabuni, na bado wakatulipia shule. Elimu iliyotuleta kwenye wodi za huku ililipwa kwa shilingi hiyo hiyo mnayoicheka.

Basi leo, kabla ya pilau, pitieni meza iliyo mlangoni. Tumeweka thumuni ya 1966 yenye sungura upande mmoja na Mwalimu upande wa pili. Pembeni yake kuna senti 5 ya Australia ya mwaka huo huo, yenye mnyama wa miiba, na Malkia upande wa pili. Zishikeni, mzigeuze. Kisha mpigieni bibi simu, mumuulize thumuni ilinunua nini.