Mkanda wa bastola: ulivyotoka hadharani ukajificha chini ya shati

Kwetu Tanzania ukitaja kufunga mkanda, watu wanafikiria uchumi. Baada ya vita ya Kagera Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wapo wanaotania kwamba mpaka leo hakuna aliyewatangazia waifungue. Lakini leo naomba tuongelee mkanda wenyewe, huu wa ngozi unaopita kwenye vitanzi vya suruali, na kazi moja ambayo Wamarekani wameupa: kubeba bastola iliyofichwa, kila siku, toka asubuhi mpaka usiku.

Tuanze na kisa cha Plaxico Burress. Huyu bwana alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani katika timu ya New York Giants. Februari 2008 ndiye aliyedaka pasi iliyoipa timu yake ubingwa wa Super Bowl. Miezi tisa baadaye, usiku wa tarehe 28 Novemba, aliingia klabu moja ya usiku Manhattan akiwa amechomeka bastola aina ya Glock kiunoni. Bastola ikaanza kuteleza kushuka mguuni. Akajaribu kuidaka, triga ikabonyea, akajipiga risasi pajani. Hakuwa na kibali cha kubeba silaha New York, na mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Mahakama ilishughulika na kibali. Lakini chanzo cha ajali yenyewe ni kitu cha kawaida mno: bastola haikuwa imeshikwa na kitu chochote cha maana. Mtu mwenye mikono ya kudaka mpira wa ubingwa alishindwa kuidaka bastola yake mwenyewe. Wengine tunaweza kucheka tukisikia kuna watu wanaotumia wiki nzima kuchagua mkanda, lakini hilo ndilo tatizo wanalojaribu kulitatua, na lina umri wa karibu miaka 180.

Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake yenye silinda inayozunguka mwaka 1836. Bastola za mwanzo za jeshi zilikuwa mizigo hasa. Ile iliyoitwa Walker, ya mwaka 1847, ilikuwa na uzito wa takriban kilo mbili. Hakuna kiuno kilichotamani kubeba kitu kile. Ilibebwa na farasi, zikawekwa mbili mbili ndani ya ala zilizofungwa kwenye tandiko. Kasoro yake unaiona haraka: ukishuka kwenye farasi, au farasi akikukimbia, silaha yako imekwenda naye.

Mwaka 1851 Colt akatoa bastola ndogo zaidi, iliyoitwa Navy, ya kilo moja na robo hivi. Hiyo ndiyo iliyohamia kiunoni. Ilikuwa imetokea wakati mzuri, kwani maelfu ya watu walikuwa wamemiminika California kutafuta dhahabu, na mafundi wa matandiko wakajikuta wanashona ala na mikanda. Fundi aliyezoea kushona ngozi itakayomhimili mtu mzima juu ya farasi hakupata taabu kutengeneza mkanda wa kuhimili kilo moja.

Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, risasi zenye maganda ya shaba zilienea. Hapo mkanda ukapata kazi ya pili. Sasa ulishonewa vitanzi vidogo vidogo vya kuchomeka risasi, mstari mzima kuzunguka kiuno. Kulikuwa na aina moja iliyokunjwa mara mbili na kushonwa, ikabaki na uwazi ndani kama soksi: nje unabeba risasi, ndani unatia sarafu zako. Benki, ghala la silaha na mkanda, vyote kiunoni kwa mtu mmoja!

Ila ngozi ilikuwa na ubaya wake. Dawa za kuilainishia ziliyala maganda ya shaba, yakaota ukungu wa kijani, na risasi yenye ukungu inanasa ndani ya bunduki. Kwenye mapambano hiyo ni hukumu ya kifo. Ofisa mmoja wa jeshi la Marekani, Anson Mills, alilishughulikia jambo hilo kuanzia miaka ya 1860. Akaja na mkanda uliofumwa kwa nyuzi za pamba, vitanzi vyake vikafumwa papo hapo pamoja na mkanda badala ya kushonewa baadaye. Kazi yake ilivuka bahari: mwaka 1908 jeshi la Uingereza liliachana na ngozi kwa askari wake wa miguu na kuchukua vifaa vya kufumwa vya kampuni iliyobeba jina la Mills.

Uingereza nayo ilikuwa na mkanda wake wenye kisa. Agosti 1858, katika vita vya kuzima uasi wa India, Samuel Browne, ofisa wa wapanda farasi, alipoteza mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ndio ulioshika ala ya upanga isicheze wakati wa kutembea, na ndio ulioituliza ala wakati wa kuchomoa. Kwa mtu wa mkono mmoja, upanga ulikuwa unabembea tu. Browne akaunda mkanda mpana wa ngozi ngumu, akauongezea ukanda mwembamba unaopita juu ya bega la kulia kuja kubeba uzito wa upande wa kushoto. Upanga ukatulia. Bastola nayo ikapata mahali pake upande wa kulia, ndani ya ala yake.

Maofisa wenzake waliokuwa na mikono yote miwili waliona unafaa, nao wakauiga. Ukaenea katika himaya yote. Ukihudhuria gwaride lolote kubwa hapa Afrika Mashariki, watazame maofisa: ule mkanda wa ngozi inayong'aa, na kile kipande kinachokatiza kifuani, asili yake ni mkono uliokatwa India. Na polisi wa Marekani mpaka leo wanauita mkanda wao wa kazi kwa jina la Sam Browne, hata pale ambapo kile kipande cha begani hakipo tena.

Sasa angalia kitu kimoja kuhusu mikanda yote hiyo. Ilikuwa ya kuonekana. Hili si geni kwetu. Watu wa Pwani wanajua jambia la Kiomani linavyovaliwa mbele, katikati ya kiuno, na mkanda wake umepambwa kwa nyuzi za fedha. Kuvaa silaha mahali pa wazi kulimwambia kila mtu wewe ni nani. Amerika ya karne ya 19 ilifikiri hivyo hivyo, na ikaenda mbele zaidi: ilimwona anayeficha silaha kuwa mtu mwenye nia mbaya. Kentucky na Louisiana zilipitisha sheria dhidi ya kubeba silaha kwa kificho mapema mwaka 1813. Mahakama ya Louisiana mwaka 1850 ilitofautisha kabisa: kubeba waziwazi ni jambo la kiungwana, kuficha ni tabia ya muuaji anayevizia. John Wilkes Booth alipomuua Rais Lincoln mwaka 1865, alitumia kibastola cha kutia mfukoni, kile kile cha aina ambayo watu waliiogopa.

Hata kubeba waziwazi kulikuwa na mipaka. Sinema zimetudanganya hapo. Dodge City iliweka bango la kukataza silaha mjini. Tombstone, Arizona, ilikuwa na sheria ndogo ya mwaka 1881 iliyopiga marufuku kubeba silaha ndani ya mji. Yale mapigano maarufu ya O.K. Corral ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo yalianza pale mkuu wa polisi wa mji, Virgil Earp, alipokwenda na ndugu zake na Doc Holliday kuwanyang'anya watu silaha. Kama sekunde 30 za risasi, watu watatu wakafa. Huo ndio uhuru wa kauboi.

Na sinema zilidanganya kuhusu mkanda pia. Wazazi wetu waliojaza kumbi kama Avalon na Empire pale Dar wanamkumbuka stelingi wa kauboi: mkanda umelegea, ala imening'inia chini ya nyonga, vidole vinacheza cheza juu ya mpini. Makauboi wa kweli walivaa mkanda kiunoni na ala ikakaa juu, kwa sababu mtu anayepanda farasi kutwa nzima hataki kitu kinachogonga paja. Ule mtindo wa kuning'iniza ni wa Hollywood. Mmoja wa mafundi wake wakubwa, Arvo Ojala, alitia bati ndani ya ala ili bastola ichomoke haraka, na ndiye anayeonekana akipigwa risasi kila mwanzo wa kipindi cha Gunsmoke. Kwa hiyo vijana wa dunia nzima waliiga mkanda ambao karne ya 19 haikuujua.

Karne ya 20 ndiyo iliyoisukuma bastola chini ya koti. Miji ilikua, sheria zikakaza, na New York ikaja na sheria yake ya leseni mwaka 1911. Waliobaki na haki ya kubeba walikuwa hasa polisi, na wapelelezi wasiovaa sare walihitaji kuficha. Lakini kwa miongo mingi walitumia mikanda ile ile ya kuvalia suti.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1987, Florida ilipoamua kwamba mtu akitimiza masharti lazima apewe kibali cha kubeba bastola kwa kificho, ofisa hana hiari ya kumnyima. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitangua ile sheria ya New York iliyomtaka mwombaji aeleze sababu maalumu. Kufikia 2024, majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa hayadai kibali chochote kwa mtu mzima asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha. Ghafla mwalimu, muuza duka na dereva wakawa na tatizo la yule mpelelezi.

Tatizo lenyewe ni la fizikia nyepesi. Glock 19, bastola ya kawaida kabisa, ikiwa imejaa risasi ina uzito wa gramu kama 850. Ni pungufu kidogo ya kilo ya sukari, imewekwa upande mmoja wa kiuno. Mkanda wa kawaida wa ofisini ni ngozi laini isiyo nene. Ukiupa mzigo huo unajikunja, ala inalala kwa nje, mpini unasukuma shati, na kila mtu anaona uvimbe. Baada ya miezi matundu yanavutika. Mwenye mkanda anaanza kujishikashika kiuno kila anaposimama, na kujishikashika huko ndiko kunakomuumbua. Halafu siku akilazimika kuichomoa, ala inafuatana na bastola.

Ndiyo maana mafundi walirudi kwenye akili ya watengeneza matandiko. Mkanda mzuri wa kazi hii ni tabaka mbili za ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa magome ya miti, zimegundishwa na kushonwa kandokando, unene milimita tano hadi sita. Wengine wanatia bamba jembamba la chuma au plastiki katikati. Upana uliozoeleka ni milimita 38, kwa sababu ndio unaopita kwenye vitanzi vya suruali nyingi, na ala nayo lazima iwe na nafasi ya upana huo huo, vinginevyo itacheza. Anayevaa ala ndani ya suruali anatafuta mkanda mrefu kuliko kiuno chake, maana bastola nayo inachukua nafasi. Jaribio ni rahisi: ushike kwa mikono miwili uupindue kama unakamua nguo. Ukijisokota kama kamba, uache dukani. Na mkanda peke yake hautoshi. Lazima iwepo ala inayofunika triga. Burress angeweza kutueleza hilo.

Je, haya yanatuhusu? Kenya yanawahusu moja kwa moja. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia Westgate, Nairobi, miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwamo raia wenye leseni na bastola zao. Mmoja wao, Abdul Haji, alipigwa picha zilizozunguka dunia, na mwaka 2021 akawa seneta wa Garissa. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile, na idadi ingeweza kuwa kubwa zaidi. Tangu siku hiyo, ni vigumu kumwambia Mnairobi kwamba mwenye bastola kiunoni ni mhuni tu.

Hata hivyo mimi nabaki na swali. Miaka 200 iliyopita Mmarekani aliyeficha bastola alionekana mwoga au muuaji. Leo anayeificha vizuri ndiye mwenye adabu, kwa kuwa hawatishi wenzake, na anayeionyesha ndiye anayeshangaza. Mkanda bora wa zamani ulipambwa ili uonekane. Mkanda bora wa leo unasifiwa kwa kufanana na mkanda wa karani yeyote. Wanaoupenda mtindo huu wanasema ni usalama. Inawezekana. Lakini mtu anayefunga mkanda wa namna ile kila asubuhi, kabla ya chai, ameshaamua jambo fulani kuhusu majirani atakaokutana nao siku hiyo, na majirani hao hawajui kwamba wameshapimwa.

Wewe ungependa kipi zaidi: kuiona bastola ya jirani yako, au usiione kabisa?